Hatua Zangu Ndefu na Mshahara wa Siku

Bunia, Nyakasanza. Jumapili jioni, mwezi wa nane.

Mvua imenyesha tangu misa ya kwanza hadi baada ya chakula cha mchana, halafu ikaacha ghafla, kama mgeni aliyekumbuka kitu nyumbani kwake. Mabati bado yanadondosha. Nimekaa mlangoni pa chumba changu, simu mkononi, naandika kwa kidole kimoja. Anayesoma ukurasa huu simjui. Nadhani mara nyingi ni mimi mwenyewe ninayeufungua, kuangalia kama kuna mtu amepita.

Leo sahani haikuja.

Niieleze hiyo sahani, maana bila hiyo wiki yangu haitaeleweka. Napanga chumba kimoja katika parseli, yaani kiwanja cha nyumba, ya Mama Kavira, mfanyabiashara wa maharagwe aliyehamia hapa kutoka Butembo. Kila Jumapili tangu niingie kwake, alikuwa akinipakulia maharagwe na samaki mkavu wa Mahagi-Port, sahani imefunikwa kwa sahani nyingine, na anaita kutoka uani, "Papa, karibia, bitapoa!" Tunakula pamoja barazani kwake, yeye akilaumu bei za soko, mimi nikimsimulia nilichosoma. Kwa wiki nzima hilo ndilo ninalolisubiri. Si chakula. Ni lile neno, Papa.

Leo amepita mbele ya mlango wangu na mwavuli wake, akasema, "Bonsoir, Monita."

Monita ni kazi yangu ya zamani. Nilikuwa monita wa kilimo kule Fataki, nyakati za kahawa, nikizunguka na kamba na vigingi kuwaonyesha watu nafasi ya kuacha kati ya mche na mche. Ni jina la heshima. Lakini kinywani mwake leo lilikuwa baridi kama kiti cha ofisi.

Fataki sijalala kwa miaka mingi. Barabara hufunguka, watu hupanda pikipiki kwenda kuona mashamba yao, halafu tunasikia jambo, na barabara inafungwa tena. Amani ipo. Watu huitaja kwa sauti ndogo, kana kwamba kuna mgonjwa amelala chumba cha pili. Mke wangu amezikwa kule, nyuma ya mikaratusi, na watoto wangu kila mmoja ana mji wake na shida zake. Mimi nina chumba, redio, vitabu vichache vilivyoliwa na mchwa pembeni, na Jumapili.

Nilikuwa na Jumapili, niseme hivyo.

Mambo yalianza na redio. Juma lililopita ilitangazwa kwamba serikali imepandisha mshahara wa chini wa siku, ule tunaouita SMIG. Niliisikiliza habari hiyo kwa Kifaransa asubuhi na kwa Kiswahili mchana, kuhakikisha kwamba habari mbili hizo ni habari moja. Mama Kavira alikuwa uani akichambua maharagwe. Nikamfafanulia kwamba ni kiasi ambacho mwajiri yeyote, nchi nzima, haruhusiwi kushuka chini yake kwa siku moja ya kazi. Akauliza kama hata vibarua wa shambani wamo. Nikasema kwa ninavyoelewa sheria, wamo. Akaendelea kuchambua.

Nimwandike kwa haki: si mtu mbaya. Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya wanawake wanaolima shamba lake, kule nje ya mji upande wa mto Shari, akasema wote wakisikia, "Serikali imesema. Mi niko mukristu. Nitalipa ile ya radio." Wanawake wakapiga makofi, mmoja akapiga vigelegele. Wengi wao wanakaa katika kambi ya wahamishwa. Wamezoea ahadi za watu wanaoshuka kwenye magari, si za mwenye shamba aliyevaa buti za mpira.

Kisha akanigeukia. "Papa, goti yangu inaniuma. Weye njo iko na miguu. Unipimie leo."

Hapa lazima nieleze jambo, kwa ajili ya msomaji ambaye hajawahi kulima shamba la mtu mwingine. Huku kwetu hakuna anayelima kwa saa. Mtu hupewa kipimo: kipande cha ardhi, hatua kumi upana na hatua thelathini urefu, na mwenye shamba ndiye anayezitembea hatua hizo. Ukimaliza kipimo chako, siku yako imekwisha. Unalipwa, unakwenda kuchota maji na kupika. Usipomaliza, hulipwi, unarudi kesho kumalizia. Kipimo ndicho siku. Jua halihusiki.

Desturi hiyo yenyewe haina ubaya. Mwenye nguvu huondoka mapema, mwenye mtoto mgongoni huondoka baadaye, na hakuna msimamizi wa kumkemea anayepumzika kunyonyesha. Nimeiona tangu utoto wangu na sikuwahi kuifikiria mara mbili.

Nikapima.

Nitaandika hapa kitu ambacho sikumwambia mtu. Sikuwahi kufurahi namna ile kwa miaka. Hakuna aliyeniomba kwa muda mrefu nifanye kazi ninayoijua. Kwa kawaida naombwa nisogeze kiti, nipishe njia, nisijisumbue. Asubuhi ile kulikuwa na umande, vigingi viko kwapani, na wanawake kumi na wawili wananifuata na majembe wakisubiri niwaonyeshe nani anaanzia wapi. Niliinua kichwa. Nilitembea kama nilivyotembea nilipokuwa kijana wa kazi, na mimi ni mtu mrefu. Nilichomeka kigingi, nikageuka, nikatembea tena.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Nikala mihogo ya kuchemsha, nikalala kidogo, nikaamka, na kwa kuwa siku hiyo nilikuwa na mahali pa kwenda, nikaenda tena shambani kuitazama kazi yangu.

Jua lilikuwa limeshainama. Siku za kawaida wakati huo shamba huwa tupu. Siku ile wanawake wote walikuwa bado wamo, migongo imeinama, na mbele ya kila mmoja kulikuwa na majani marefu ambayo hayajaguswa.

Aliyenyanyuka wa kwanza alikuwa Mama Lotsove. Huyu ni mjane kutoka kilima kinachoitazama Fataki, na ndiye mtu pekee hapa Bunia ninayezungumza naye lugha ya nyumbani. Kila asubuhi ya kazi hupita hapa parselini kuchukua jembe, kwa sababu majembe ni ya Mama Kavira na hulala hapa. Akingoja wenzake wafike, yeye na mimi hutaja majina ya vilima vya kwetu, kimoja kimoja, kwa mpangilio, kama mtu anayehakikisha kwamba watoto wake wote wamelala ndani. Kwa umri ndiye mkubwa kuliko wote wanaolima pale, na ndiye wa polepole kuliko wote.

Aliegemea mpini wa jembe, akasema kwa Kiswahili ili wenzake wasikie:

"Monita! Leo ulitembea sawa mutu anarudia Fataki. Siye tukufuate na majembe mpaka kule?"

Wakacheka. Mmoja akaongeza, "Muache muzee, alikuwa anaenda kuoa!" Wakacheka zaidi, kicheko cha watu waliochoka, kile kinachoishia katikati.

Nikacheka nao. Kisha nikavitazama vigingi vyangu.

Monita wa kilimo hana pa kujificha katika hesabu hii. Hatua ikirefuka, upana unakua na urefu unakua, na kipande kinakua kwa vyote viwili pamoja. Mama Kavira ni mfupi. Hatua zake ni za mwanamke anayevuka dimbwi bila kulowesha kitenge. Zangu siku ile zilikuwa za mtu anayevuka mto. Kipande nilichompa kila mwanamke kilikuwa karibu mara mbili ya kile alicholima juma lililotangulia.

Serikali ilipandisha mshahara wa siku. Mimi, kwa miguu yangu, niliifanya siku moja kuwa mbili.

Hakuna aliyelipwa Jumatatu. Walirudi Jumanne kumalizia, na alasiri wakalipwa ile ya redio, siku moja ya kisheria kwa siku mbili za mgongo. Walipokea na kushukuru. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba walishukuru. Nilimtazama Mama Kavira akitoa fedha kwa mkono ulionyooka, na sikujua kama anajua. Bado sijui. Goti lilimuuma kweli? Au aliiona miguu yangu, akaona njia?

Jumatano ilinyesha tangu alfajiri na hakuna aliyelima. Niliishukuru mvua, kwa sababu ilinipa siku moja ya kutokuwa na uamuzi.

Nilikaa na kitabu changu cha sheria ya kazi, kilichotoka jalada zamani, nikasoma tena kuhusu mshahara wa chini. Wazo lake ni zuri, na mtu mwenye akili hawezi kulikataa. Kwanza, anayefanya kazi aweze kula, yeye na watu wa nyumbani kwake. Pili, anayelipa aweze kuendelea kulipa mwaka ujao, maana mshahara mzuri unaoua kazi si mshahara, ni kwaheri. Nilisoma yote hayo nikitikisa kichwa kukubali. Lakini nilikuwa natafuta jambo moja tu, na sikuliona. Hatua ni ya nani?

Mshahara una ncha mbili, kama mzigo wa mtu anayebeba kwa mti begani. Ncha moja ni fedha. Ya pili ni kazi inayodaiwa kwa fedha hiyo. Serikali imeikamata ya kwanza, na ya pili imeachiwa mwenye miguu mirefu. Fundi cherehani hulipwa kwa nguo, mfyatua matofali kwa matofali, mpasua mbao kwa ubao. Kila mmoja ana kipimo chake, na kila kipimo kinaweza kunyooshwa kidogo, kimya kimya, siku ileile redio inapotangaza habari njema. Hapana haja ya mtu mwovu. Anatosha mzee aliyefurahi.

Kama ningeitwa kule Kinshasa wanakokaa kupanga namba hiyo, na najua sitaitwa, ningewaomba waweke fedha na kipimo kwenye karatasi moja, na wavitazame tena mara kwa mara kwa sauti ya kawaida, si kunyamaza muda mrefu halafu kutangaza kwa kishindo. Ningewaomba pia waje kupita barabara zetu na gunia moja la maharagwe, waone linavyopungua njiani kabla halijafika sokoni. Hilo la mwisho sikulijua vizuri hadi Alhamisi.

Alhamisi asubuhi, kabla wanawake hawajaja kuchukua majembe, nilimfuata Mama Kavira jikoni kwake. Alikuwa akipuliza moto. Mkononi nilikuwa na tete refu nililolikata nyuma ya uzio. Nikamwambia kwamba mshahara umepanda, na ni vizuri, lakini kipimo nacho kimepanda, na hiyo si haki. Leo nitapima kwa tete, si kwa miguu yangu. Na tete litakatwa kwa hatua yake yeye, ileile ya siku zote.

Alinitazama kupitia moshi. "Papa, mi nilikuambia upime. Sikukutuma utembee sawa soda mu defile." Soda ni askari, na defile ni gwaride.

"Ni kweli," nikasema. "Kosa la miguu ni langu. Ndiyo maana naomba hatua yako."

Akacheka, kwa sababu ni mtu anayecheka kabla ya kukasirika. Akatoka akasimama katikati ya uwanja, kwenye udongo uliolowa, akapiga hatua moja. Nikainama, nikalaza tete kutoka kisigino hadi kisigino, nikalikata kwa kisu chake cha kabichi. Goti lake halikulalamika. Nikalitazama goti hilo bila kusema kitu, naye akaniona nikilitazama.

Hapo ndipo alipokasirika.

"Sasa sikia, na mi niseme. Ile franga ya radio, bameipima mu Kinshasa. Kule banajua bariyeri zetu? Gunia yangu ikitoka hapa, kila kamba ya njia inakula. Kamyo ya Butembo haikuye, batu banaogopa njia. Na maharagi, Papa, maharagi haipandi bei sababu radio imesema! Nikilipa franga mupya na kipimo kya zamani, mi nitabakia na nini? Maganda?"

Alichosema ni kweli: kila kamba ya njia ni kizuizi cha kulipia, na kamyo, yaani lori la Butembo, halifiki. Nimeishi katika uwanja wake na nimeona magunia yakirudi. Nilimwambia tu kwamba kama shamba haliwezi kumlipa anayelilima bila kumpunja siku yake, basi ugonjwa uko barabarani, na hautatibiwa kwenye mgongo wa Mama Lotsove.

"Bon," akasema. Alijifuta mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kimoja kimoja. "Tete yako, sawa. Kipimo kya zamani, sawa. Franga ya radio, sawa. Nilisema mbele ya batu, sirudie nyuma. Lakini bamama kumi na mbili, hapana. Nitachukua nane. Ingine ya shamba itabakia majani."

"Nane gani?"

"Bale ba nguvu." Akarudi kwenye moto wake na kunipa mgongo. "Si weye njo ulitaka sheria, Monita?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo.

Njia ya kwenda shambani nilitembea nyuma ya wanawake, tete begani, nikimtazama Mama Lotsove na kitambaa chake cha kijani. Nimesoma sana juu ya jambo hili maishani mwangu, kwamba mshahara ukipanda, wengine hulipwa vizuri na wengine hukosa kazi. Katika vitabu hao wengine hawana majina. Huyu wangu alikuwa na jina, na anajua upepo wa Fataki hutokea upande gani.

Nakiri kwamba niliwaza kulitupa tete mtoni. Ningesema limevunjika. Ningetembea tena kwa miguu yangu, kila mtu angebaki, wote kumi na wawili, kwa siku zilizonyooshwa, na hakuna ambaye angenilaumu. Nakiri pia kwamba haikuwa huruma tu. Asiyekuwa na kazi kwa Mama Kavira hapiti parselini kuchukua jembe. Nilikuwa nahesabu asubuhi zangu.

Sikulitupa. Sijui kama ilikuwa ujasiri. Labda ni tabia tu. Mtu aliyefundisha wengine kupima hawezi tena kufurahia kipimo kibovu, hata kikiwa na faida kwake.

Nilipofika niliwaeleza yote, kwa Kiswahili, bila kuficha. Kwamba Jumatatu niliwapa kipande kikubwa mno kwa sababu ya miguu yangu. Kwamba kuanzia sasa ni tete hili, hatua ya zamani, mshahara mpya. Wakaanza kushangilia. Nikainua mkono, nikasema sehemu iliyobaki. Nane tu. Wenye nguvu.

Kila mtu alitazama jembe lake. Hakuna aliyemtazama Mama Lotsove, na kwa sababu hiyo yeye aliona kila kitu.

"Aha," akasema. "Basi mi njo mutu ya kwanza SMIG imemufukuza."

Hakuna aliyecheka. Akaketi juu ya tuta, akanyoosha miguu. Halafu akawauliza wenzake kuhusu likelemba yao. Likelemba ni kile chama ambacho kila mtu hutoa kitu kidogo, mmoja anapokea chote, na zamu inayofuata ni ya mwingine. Wote wamo, kambini hakuna mwanamke asiye na likelemba.

"Siye tunajua kugawana franga kwa zamu," akasema. "Siku njo itatushinda? Mama Kavira anataka batu nane, atapata nane. Kila siku bane banapumzika, kesho yake bengine. Hakuna mutu ya kufukuza."

Mmoja wa vijana wao, mwanamke mwenye mabega mapana ambaye humaliza kipimo kabla ya wote, aliguna. "Mi niko na nguvu ya kila siku. Nipumzike juu ya nini?"

"Pumzika, mwanangu," Mama Lotsove akamwambia, "utunze hiyo nguvu. Siku moja utanibeba kunizika, na mi niko muzito."

Hapo walicheka, na kicheko hakikuishia katikati. Yule mwenye mabega alicheka kwa kujizuia, akatazama pembeni, lakini hakusema tena. Anayekataa zamu katika jambo moja huogopa kuikosa katika jingine.

Mama Kavira alipoambiwa aliinua bega tu. "Kama iko nane, iko nane. Majina ni yabo." Kwake haina tofauti, na hapo desturi ya zamani ilitusaidia. Analipia kipande, halipii kasi. Mama Lotsove akikimaliza alasiri na mwenzake akikimaliza saa sita, mbegu hazitajua.

Nimejaribu kupima kilichopatikana, bila kujidanganya. Hawajatajirika. Kwa wiki nzima kila mmoja atapata karibu kile alichokuwa akipata kabla ya redio, labda kuzidi kidogo, lakini kwa siku chache za jembe. Siku zinazobaki atauza mboga, atafua, atalala. Sehemu ya shamba imeachwa majani, na hayo maharagwe ambayo hayatapandwa ni hasara ya Mama Kavira na ya mlaji fulani wa Bunia asiyejua lolote. Kama huu ndio mshahara wa haki na wa kudumu, sijui. Najua kwamba umekubaliwa na watu wanaoweza kutazamana, na kwamba utavumilika mpaka mavuno. Kutoka hapo mpaka nchi nzima ni mbali.

Alhamisi hiyo na Ijumaa nilipima kwa tete. Jumamosi pia. Jana jua lilikuwa bado juu nilipokwenda kuangalia, na shamba lilikuwa tupu, vipande vyote vimegeuzwa vyekundu, majembe yamesharudi. Nilisimama nikaona ni vizuri. Kisha nikaona kwamba sina la kufanya.

Leo, Jumapili, nilichemsha viazi vitamu. Nilipakua, nikafunika sahani kwa sahani nyingine, halafu nikacheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa naenda kula wakati uleule na hapakuwa na umbali wowote wa kuipeleka. Upande wa pili wa uwanja nilimsikia Mama Kavira akilaumu bei ya mafuta. Hakuwa na mtu wa kumlaumia.

Nadhani naye amekosa kitu leo. Lakini yeye ana hasira ya kumpa joto, na ana haki kidogo ya kuwa nayo. Sitamwomba msamaha kwa ajili ya tete. Nitamwomba kwa ajili ya lile nililomfanyia uani, kumtazama goti na kunyamaza. Lilikuwa kali kuliko neno. Nitamwambia hivyo siku atakaponiacha nimwambie.

Tete liko hapa, limeegemea ukuta. Ni fupi kuliko nilivyokumbuka. Jioni hii, nikienda bombani na kurudi, nimegundua kwamba natembea kwa urefu wake, hatua ndogo ndogo, ingawa hakuna ninachopima.

Kesho ni zamu ya Mama Lotsove kupumzika.

Jembe lake litachukuliwa na mwingine. Nitapima vipande vinane, nitachomeka vigingi, na kabla jua halijapanda nitakuwa nimemaliza, na siku yote iliyobaki itakuwa mbele yangu kama majani yale yasiyoguswa. Sijawahi kufika kambini alipo. Nimeishi mji mmoja nayo miaka yote hii na sijawahi kuingia. Nilijiambia kwamba sitaki kuwasumbua watu. Ukweli ni kwamba niliogopa kuwakuta wote wa kwetu mahali pamoja, chini ya mahema, na kuona kwa macho jinsi tulivyobaki.

Kesho, nikishamaliza kupima, nitaenda kumsalimu. Tatizo ni la kijinga, lakini limenikalisha hapa tangu mvua iache. Mtu akienda kwa mtu bila kazi, bila msiba, bila ujumbe, anasema nini mlangoni? Nimesahau. Sentensi zote nilizojaribu zinafanana na za ofisini.

Labda nitamwambia kwa lugha yetu, ambayo haina adabu nyingi: nimekuja kwa sababu leo hukuwepo.

Njia ya kwenda kambini ni ndefu. Tete nitaliacha kwa wanawake, nitatembea kwa hatua zangu zote. Barabarani hakuna anayelipwa kwa miguu yangu.